Mgodi wa shaba ukitaka kufunguliwa tena: jinsi ya kuukagua kabla ya kukubali

Bei ya shaba ilipopita dola 10,000 kwa tani mwaka 2024, migodi iliyokuwa imefungwa kwa miaka mingi ilianza kutazamwa upya, kwa kuwa nyaya za umeme, mitambo ya jua na magari ya betri vyote haviendi bila shaba. Migodi ya aina hii huwa mbali na miji, penye barabara mbovu na kazi chache, na habari ya kufunguliwa kwake hupokewa kwa vigelegele kabla mtu yeyote hajauliza neno. Mwongozo huu ni wa yule atakayeuliza. Mimi ni mkaaji wa Malindi, na kwa miaka kadhaa nimekaa na kamati za vijiji tukisoma ripoti za mazingira za miradi mbalimbali, ukurasa baada ya ukurasa, mara nyingi usiku kwa sababu mchana watu wako baharini au shambani.

Malindi hatuna mgodi wa shaba. Shaba ya Kenya inayojulikana zaidi ilichimbwa Macalder, katika kaunti ya Migori, na ya jirani zetu wa Uganda ilichimbwa Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori, kuanzia mwaka 1956 hadi 1982. Lakini bara ya kaunti yetu ya Kilifi kuna machimbo ya zamani ya madini ya risasi, Kinangoni na Vitengeni, na tabia ya mwamba wenye risasi ni ndugu wa tabia ya mwamba wenye shaba. Kwa hiyo yanayosemwa hapa yanamfaa mtu wa Migori, wa Kasese kulipo Kilembe, na wa kwetu pia.

Anza na maji

Mwamba wenye shaba aghalabu huwa na salfa na chuma ndani yake. Ukiwa chini ya ardhi, mbali na hewa, hutulia kwa maelfu ya miaka bila kumdhuru mtu. Ukichimbwa na kupasuliwa, hewa na maji huufikia, na vijidudu visivyoonekana kwa macho huharakisha kazi, hata ile salfa ikageuka kuwa tindikali. Tindikali hiyo huyeyusha shaba, kobalti, zinki, risasi au aseniki iliyomo mwambani na kutoka nayo pamoja na maji. Ukiona mkondo wenye tope la rangi ya kutu, au mawe yaliyopakwa rangi ya kijani iliyochanganyika na samawati, umeshaonyeshwa kinachoendelea huko juu.

Hapa ndipo mgodi unaofunguliwa upya unapotofautiana na mgodi mpya. Shimo likiachwa, hujaa maji, na chumvi za madini zilizokuwa zimeganda kwenye kuta zake huyeyukia humo. Kampuni inaporudi, kazi yake ya kwanza ni kuyavuta maji hayo nje kwa pampu, pengine kwa miezi mingi, kabla kilo moja ya shaba haijauzwa. Kuta zikikauka, hewa huingia tena na tindikali huanza tena. Mgodi wa namna hii basi huja na deni la zamani mgongoni, na kabla ya kuzungumza habari ya ajira ni lazima ijulikane deni hilo ni la nani. Uliza mambo manne: maji yaliyomo shimoni ni kiasi gani, yana madini gani na kwa kipimo gani, yatamwagwa wapi, na yatasafishwa namna gani kabla ya kumwagwa.

Nilihudhuria kikao kimoja bara ya Malindi, cha mradi mwingine wa uchimbaji, ambapo wataalamu walizungumza kwa karibu saa nzima juu ya nafasi za kazi. Walipomaliza, bibi mmoja aliyekuwa amekaa kwenye mkeka pamoja na wajukuu wake aliuliza, “Mwanangu, na hayo maji mtakayoyatoa shimoni, mtayamwaga wapi?” Yule mtaalamu alipekua karatasi zake, kisha akasema, “Hilo, mama, litaangaliwa baadaye.” Jibu la namna hiyo msilipigie kelele. Mwambieni katibu wa kikao aliandike kwenye kumbukumbu neno kwa neno, pamoja na jina la aliyelitoa na tarehe, kwa maana siku ya kesi litakuwa na thamani kuliko hotuba zote za siku ile.

Mara nyingi mtaambiwa kwamba maji yatasafishwa kwa chokaa. Ni jibu la kweli, na watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa chokaa. Chukua kipande cha tumbawe au kombe kavu, ukisage kidogo, kisha ukamulie ndimu juu yake: utaona vipovu vidogo vikipanda. Vipovu hivyo ndiyo asidi ya ndimu ikimalizwa nguvu na jiwe. Mtambo wa mgodi hufanya kazi inayofanana na hiyo kwa tani nyingi za chokaa, na tindikali ikishapungua, madini yaliyoyeyuka huganda na kutuama chini kama tope. Lakini tope hilo nalo linahitaji mahali pa kuwekwa, na chokaa inahitaji kununuliwa kwa muda wote ambao tindikali inaendelea kutoka, muda ambao unaweza kuwa miongo kadhaa baada ya mgodi kufungwa. Swali la kuuliza, basi, ni nani atakayenunua chokaa baada ya kampuni kuondoka.

Chora njia ya maji

Kabla ya kufungua ripoti yoyote, ketini na wazee, wachungaji na wavuvi, mchore kwa mkono ramani ya maji yanakotoka na yanakokwenda: vijito, visima, mabwawa ya kunyweshea mifugo, mabonde yanayojaa wakati wa masika tu. Ramani za kampuni huonyesha mito mikubwa, na mara nyingi husahau kisima cha msimu ambacho ndicho watu wanachokitegemea. Sisi wa Malindi tunajua vizuri jinsi jambo la mbali linavyotufikia. Mto mmoja wenye majina matatu, Athi, Galana na Sabaki, hushuka kutoka nyanda za juu, hupita Baricho ambako hutolewa maji ya Malindi, Kilifi na Mombasa, kisha humwagika baharini kati ya Malindi na Mambrui. Mvua zikinyesha bara, bahari yetu hugeuka rangi ya udongo, nasi tukiwa hatujaona tone la mvua. Kinachosafirisha udongo kinaweza kusafirisha madini pia.

Kilembe ni mfano wa kuutazama kwa makini. Mabaki ya mgodi yalirundikwa kando ya mto Nyamwamba, na mnamo Mei 2013 mto huo ulifurika kwa nguvu, ukabomoa nyumba na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Huko Kasese, rundo la mabaki yenye kobalti lilimomonyolewa na mvua kwa miaka mingi, na tindikali yake ikaunguza mimea hadi ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, mbali na shimo lenyewe.

Mabaki hayo, ambayo wenzetu wa Tanzania huyaita topesumu, ndiyo sehemu kubwa ya mgodi wowote wa shaba. Mwamba wenye asilimia moja ya shaba huhesabiwa kuwa mzuri, na maana yake ni kwamba katika kila kilo 1,000 za mwamba, kilo 10 ni shaba na kilo 990 husagwa zikawa laini na kuachwa. Huwekwa nyuma ya ukuta, katika bwawa la topesumu, na ukuta huo unatakiwa kusimama daima, hata wakati ambapo hakuna anayelipwa kuutazama. Mnamo Novemba 2022 bwawa la mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, lilibomoka na tope likafunika mashamba. Februari 2025, bwawa la mgodi wa shaba karibu na Kitwe, Zambia, lilipasuka na maji yenye tindikali yakaingia mto Kafue. Mbaya zaidi ni mkasa wa Brumadinho, Brazili, Januari 2019, ambako watu 270 walikufa. Ukuta wa Brumadinho ulikuwa umeinuliwa hatua kwa hatua kwa kuegemezwa juu ya tope lenyewe lililokwisha kuwekwa, na mwaka huohuo Brazili ikaipiga marufuku njia hiyo. Kwa hiyo ulizeni ukuta utainuliwa kwa njia gani, bwawa la zamani litatumika tena au la, na ukibomoka usiku, tope litafika kwenye nyumba ya kwanza baada ya dakika ngapi. Ripoti nzuri ina ramani ya mkondo huo. Isiyo nayo irudishwe.

Pima kabla hawajaanza

Kama mna fedha za kufanya jambo moja tu, fanyeni hili. Kampuni ikishaanza kazi na maji yakaharibika, itadai kwamba yalikuwa mabaya tangu zamani, na kwa mgodi wa zamani dai hilo linaweza kuwa na ukweli ndani yake. Bila vipimo vya awali vilivyo mikononi mwenu wenyewe, hamtaweza kutenganisha deni la zamani na uharibifu mpya.

Chagueni mahali pasipopungua panne: juu ya mgodi ambako maji bado hayajaugusa, mahali yanapotoka mgodini, kijito kilicho chini yake, na kisima ambacho watu wanakunywa. Kwa kipimo cha asidi mnaweza kutumia karatasi za kupimia, ambazo hubadilika rangi zikichovywa majini: rangi husomwa kama namba, 7 ni maji yasiyoegemea upande wa tindikali wala kinyume chake, na chini ya 5 ni ishara ya hatari. Kwa madini hakuna njia ya mkato. Sampuli lazima ifike maabara. Ombeni chupa kutoka maabara yenyewe, kwa sababu huja zimeoshwa ipasavyo, na ulizeni kama ndani yake wameshatia asidi ya kuhifadhi madini. Kama imeshatiwa, chupa hiyo msiisuuze. Kama haijatiwa, isuuzeni mara tatu kwa maji ya mahali hapohapo. Mchotaji asimame akielekea maji yanakotoka, asitibue tope la chini, ajaze chupa, afunge, aandike juu yake kwa kalamu isiyofutika: mahali, tarehe, saa, jina lake na la shahidi. Apige picha ya chupa ikiwa mahali ilipochotewa, simu ikiwa imewashwa huduma ya kuonyesha mahali ilipo. Chupa ziwekwe kwenye kasha lenye barafu, lile la kubebea samaki linafaa likishaoshwa vizuri, na zipelekwe mapema iwezekanavyo. Mkemia wa Serikali ana tawi Mombasa.

Rudieni mara mbili: wakati wa ukame, na mvua za kwanza baada ya ukame. Mvua za kwanza ndizo zinazoosha chumvi za madini zilizokauka juu ya marundo, kwa hiyo sampuli ya siku hiyo husema mengi ambayo sampuli ya Februari huficha.

Majibu yakirudi, someni kwa vipimo viwili. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha miligramu 2 za shaba kwa lita ya maji ya kunywa, na miligramu 0.01 kwa risasi na kwa aseniki. Lakini samaki, hasa wachanga, huumizwa na shaba kidogo mno kuliko ile inayomdhuru binadamu. Ripoti ikisema kwamba maji yatakuwa “ndani ya kiwango cha maji ya kunywa”, mvuvi anayo haki ya kusimama na kuuliza kiwango cha samaki ni kipi.

Watu nao wapimwe. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwaachia wakazi sumu ya risasi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Wale watu walikuwa na ushahidi wa vipimo vya damu na udongo, na bado kesi ilipanda mahakama za juu kwa miaka.

Ripoti na vikao

Nchini Kenya mradi wa namna hii hauruhusiwi bila ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira iliyokubaliwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kanuni za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi afanye angalau vikao vitatu na watu watakaoguswa, tangazo litolewe walau wiki moja kabla, na mahali na saa ziwe za kuwafaa wananchi. Kikao cha asubuhi siku ya mnada au siku wavuvi wako baharini hakikidhi masharti hayo, na mnaweza kukikataa kwa maandishi. NEMA ikishaitangaza ripoti, kwa kawaida hutoa siku 30 za kupokea maoni. Pelekeni maoni yenu kwa barua, mkiwa na nakala mbili, na ya kubaki kwenu ipigwe muhuri wa kupokewa.

Kama hamjapewa ripoti, iombeni kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ambayo humpa ofisa wa umma siku 21 za kujibu. Msianze kuisoma kwa muhtasari. Anzeni na sura ya mwisho, mpango wa usimamizi wa mazingira, kwa sababu ndimo kila ahadi inapotakiwa kuwa na mtu wa kuitekeleza, tarehe na kiasi cha fedha. Ahadi isiyo na fedha mbele yake, ipigieni mstari. Kisha rudini kwenye sura ya maji mkiwa na ile ramani yenu ya mkono.

Ndugu zetu wa Lamu walituonyesha kwamba kazi hii haipotei bure. Mnamo Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe, na sababu moja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo baada ya utafiti kukamilika: vikao vya awali vilikuwa vya kuutambulisha mradi tu, kabla watu hawajapewa habari za madhara yake.

Ardhi, kazi na mgao

Kama ardhi ni ya jamii, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inataka mkataba wa uwekezaji ukubaliwe na theluthi mbili ya wanajamii watu wazima waliokusanyika. Saini za wazee watatu mbele ya chifu hazitoshi, hata kama wazee hao wanaheshimiwa. Orodha ya wanajamii iandaliwe mapema, na wanawake na vijana waandikwe humo kama wengine.

Mrabaha, yaani malipo ambayo kampuni huitoa kwa madini inayochimba, unagawanywa na Sheria ya Madini ya mwaka 2016: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali. Mjue pia nani ataipokea hiyo asilimia 10 kwa niaba yenu na akaunti itakaguliwa na nani. Kuhusu kazi, msikubali idadi ya jumla. Ujenzi huajiri wengi kwa muda mfupi, uchimbaji wenyewe huajiri wachache wenye ujuzi. Ombeni jedwali la mwaka kwa mwaka: vibarua wangapi, madereva wangapi, mafundi wa mitambo wangapi, na wangapi kati yao watafunzwa kutoka vijiji hivi. Ulizeni pia habari ya wachimbaji wadogo, kwa kuwa mgodi ulioachwa hauwi mtupu. Pale Macalder watu wamekuwa wakitafuta dhahabu kwenye mabaki ya zamani kwa miaka, na kampuni inayofungua tena mgodi wa namna hiyo huwakuta wanaoishi kwa shimo hilo. Wakifukuzwa bila mpango, watarudi usiku.

Wageni watakuja, kodi za nyumba zitapanda, zahanati itajaa, vumbi la malori litaingia madarasani. Haya yasemwe kikaoni na kuandikwa kwenye mkataba wa maendeleo ya jamii.

Fedha za kufunga

Watu wengi huona haya kuzungumzia kufungwa kwa mgodi siku unapofunguliwa, kama vile kumuuliza bwana harusi habari ya talaka. Ondoeni haya hiyo. Mgodi wa shaba wa Panguna, kisiwani Bougainville, Papua New Guinea, ulifungwa mwaka 1989 katikati ya ghasia zilizochochewa kwa sehemu na uharibifu wa mito na ardhi, na hadi leo mabaki yake yamejaa kwenye mito ya Kawerong na Jaba.

Sheria yetu inataka dhamana ya mazingira, yaani fedha zilizowekwa kando au kudhaminiwa na benki ili mahali patengenezwe hata kampuni ikifilisika. Ulizeni ni kiasi gani, kimekokotolewa na nani, kinajumuisha kusafisha maji kwa miaka mingapi baada ya kufungwa, na kama kinagusa mabaki ya zamani au mapya peke yake. Kampuni ikisema kwamba ya zamani si yake, serikali iandike kwamba ni ya serikali. Msikubali rundo likose mwenyewe.

Leseni ikitoka

Mkiona leseni imetolewa kinyume cha yale mliyoyapinga, mna siku 60 za kukata rufaa katika Jopo la Kitaifa la Mazingira. Siku hizo huanza kuhesabiwa mapema kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo mtu mmoja apewe kazi ya kuulizia NEMA kila wiki kama uamuzi umetoka. Mkimwendea wakili, nendeni na faili lililokamilika: kumbukumbu za vikao, barua zenye muhuri, majibu ya maabara, picha, na ramani ya maji.

Mkiukubali mradi, kwa masharti, kazi ya kupima inaendelea. Chagueni vijana wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, wawe na daftari moja linalotunzwa shuleni, na kila mwezi waende mahali palepale panne na karatasi zao za kupimia asidi. Wakati wa masika waende mara mbili, na mara moja iwe asubuhi baada ya mvua ya kwanza, kabla jua halijakausha kingo za kijito.